Jinsi ya kupanda Ben Hiant taratibu

Kama uko Uskoti na unataka kilima cha kutembea bila kuua magoti, nenda Ben Hiant, kwenye rasi ya Ardnamurchan, pwani ya magharibi. Kina mita 528 tu, na barabara ya B8007 inakupandisha sehemu nzuri kabla hujashuka kwenye gari. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 6, wenye haraka wanamaliza kwa masaa matatu, lakini mi nakwambia tenga siku nzima maana utamu wa huku ni kuangalia.

Toka mji wa Fort William shuka mpaka Corran, vuka na pantoni, dakika chache tu, halafu fuata njia ya Strontian na Salen. Kuanzia Salen barabara ni ya gari moja yenye vituo vya kupishania, mwenyeji akikuganda nyuma ingia pembeni mpishe, na usipaki hapo kabisa.

Sasa mavazi, hapa ndo pa kuwa makini. Anayepanda mbiombio mwili unapata joto, sisi wa polepole tunasimama simama na upepo wa bahari unatukuta palepale, yani kileleni baridi inauma hata Julai. Kwa hiyo beba sweta moja zaidi ya unavyodhani, koti la mvua, kofia na chupa ya chai ya moto. Jinzi iache nyumbani, ikilowa haikauki. Vaa buti za kufunika kifundo maana ardhi ni chepechepe, na ukiona majani ya kijani yamejitandaza kama zulia usikanyage, zunguka, chini yake ni tope.

Kuanzia Mei mpaka Septemba kuna visubi, wadudu wadogo wanaouma, wanapenda hali tulivu, upepo ukivuma wanapotea. Kupe nao wapo na wanaweza kuambukiza ugonjwa wa Lyme, chomeka suruali ndani ya soksi na jioni jikague mwili mzima.

Njia inaanza na majani, halafu unafuata mgongo wa kilima wenye vinundu vinundu, usivunjike moyo ukifika juu ukaona bado. Pale mwisho panasimama kidogo, piga hatua fupi fupi. Ukifika kaa, kunywa chai: ng'ambo ya maji unakiona kisiwa cha Mull na mji wake wa Tobermory, na anga ikiwa safi visiwa vya Rum, Eigg na Muck. Mawe unayokalia ni mabaki ya volkano ya kama miaka milioni 60 iliyopita!

Hulipi kiingilio, sheria ya ardhi ya Uskoti ya 2003 inakuruhusu kutembea ila kwa adabu: funga mageti, na kondoo wakizaa Aprili na Mei mbwa awe na kamba. Netiwaki usiitegemee, beba ramani ya karatasi na dira, ukungu ukishuka rudi. Ukipata ajali piga 999, omba polisi, kisha kikosi cha uokoaji milimani.

Na ratiba ya pantoni icheki kabla hujatoka, isipofanya kazi utazunguka ghuba ya Loch Eil yote kwa gari.