Kuzuia damu kuganda kwenye mashine ya kusafisha damu mfululizo ICU (wodi ya wagonjwa mahututi)

Mashine hii hufanya kazi ya figo kwa kupitisha damu kwenye kichujio. Kichujio kikiganda kabisa, mgonjwa hupoteza damu iliyobaki ndani ya mzunguko (mirija na kichujio), mara nyingi mililita 150 hadi 200, na usafishaji husimama mpaka mzunguko mwingine uandaliwe. Mwongozo huu ni wa wagonjwa watu wazima, nao hauchukui nafasi ya utaratibu wa wodi yako.

Hatua ya 1: Katheta, yaani mrija wa kutoa na kurudisha damu. Wengi hukimbilia kuongeza dawa ilhali kinachoua kichujio ni damu kusimama. Chagua kwanza mshipa wa shingo wa kulia, kisha wa paja. Katheta ya paja iwe ndefu, takriban sentimita 25, kwa sababu fupi haifiki kwenye mshipa mkuu na hukwama kila mgonjwa anapogeuzwa. Kabla ya kuunganisha, vuta damu kwa bomba la sindano la mililita 20 kwenye kila njia. Ikija kwa kukatikakatika, usitarajie pampu ifanye vizuri zaidi.

Hatua ya 2: Mipangilio. Maji yanayovutwa yasizidi asilimia 20 hadi 25 ya utegili (plazma, sehemu ya majimaji ya damu) unaopita kwenye kichujio, maana damu iliyokolea huganda upesi. Sehemu ya maji ya kufidia yale yaliyovutwa iingie kabla ya kichujio, ingawa usafishaji utapungua kidogo.

Hatua ya 3: Dawa. Mwongozo wa mwaka 2012 wa KDIGO, shirika la kimataifa la miongozo ya magonjwa ya figo, unapendekeza sitrati kuliko heparini, zote zikiwa dawa za kuzuia damu kuganda, kwa mgonjwa asiye na kizuizi cha kutumia sitrati. Katika utafiti mkubwa wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2020, vichujio vya sitrati vilidumu saa 47 na vya heparini saa 26, lakini maambukizi yalikuwa mengi zaidi upande wa sitrati. Ini likishindwa kazi, au mgonjwa akiwa katika mshtuko mkali wenye laktati (asidi inayolundikana mwili ukikosa oksijeni) inayopanda, sitrati haivunjwi ipasavyo. Hapo mshirikishe daktari bingwa kabla ya kuanza.

Hatua ya 4: Kuendesha sitrati. Sitrati hufunga kalsiamu ambayo damu huihitaji ili igande. Anza na takriban milimoli 3 kwa kila lita ya damu inayopita, na umrudishie mgonjwa kalsiamu kwa njia ya mshipa mkubwa. Kalsiamu huru (isiyofungwa na kitu kingine) baada ya kichujio iwe milimoli 0.25 hadi 0.35 kwa lita, na ya mgonjwa mwenyewe 1.0 hadi 1.2. Sampuli ya mgonjwa itoke kwenye mshipa wa ateri, si kwenye katheta ya mashine, na kila bomba liandikwe jina pale pale kitandani: sampuli mbili zikibadilishana, 0.3 itasomeka kana kwamba ni ya mgonjwa, na mtu atammiminia kalsiamu asiyoihitaji.

Linganisha pia kalsiamu yote na ile huru. Uwiano ukivuka 2.5, huku asidi ikizidi na mahitaji ya kalsiamu yakipanda, sitrati inalundikana. Ipunguze au isimamishe.

Hatua ya 5: Ulinzi. Jibu king'ora mara moja, kwani kila dakika pampu inaposimama damu hutulia kichujioni. Mulika tochi kwenye chemba ya hewa ukitafuta michirizi myeusi, na ufuatilie mwelekeo wa presha za kichujio badala ya namba moja. Zikipanda mfululizo, rudisha damu mapema. Mabonge yakishaonekana, usiirudishe. Usafishaji unaposimamishwa, zima sitrati na kalsiamu kwa pamoja, hasa ikiwa kalsiamu inapita kwenye pampu ya pembeni ambayo mashine haiitambui.