Jinsi ya kufundisha difyusheni: kwanza kwenye agari, kisha mtaani

Mwalimu mwenzangu wa baiolojia, ukifundisha difyusheni, yaani molekuli kusambaa zenyewe kutoka zilikojaa hadi ziliko chache, usianze na tone la wino kwenye glasi ya maji. Linapendeza macho, lakini sehemu kubwa ya unachokiona pale ni maji yenyewe yanayozunguka kwa tofauti za joto na uzito.

Tumia agari, ule unga wa mwani wa kupikia pudini. Huganda bila friji. Chemsha kijiko kimoja cha chai kwenye kikombe cha maji, mimina kwenye glasi nyembamba hadi nusu, na ikishaganda weka juu yake maji yaliyokolea rangi ya chakula. Glasi isitikiswe. Piga alama rangi ilipofika baada ya saa 6, kisha baada ya saa 24. Muda umeongezeka mara 4, ila umbali utakuta umeongezeka kama mara 2 tu.

Hapa usiwe na haraka hata kidogo. Waulize wanafunzi kwa nini rangi inachoka, yaani inazidi kwenda polepole. Molekuli haijui inakokwenda. Inagongwa huku na huko, mbele na nyuma, na rangi inashuka kwa kuwa juu zimejaa na chini ni chache. Kwa hatua fupi hilo linatosha kabisa, hata kupitisha oksijeni: ukuta kati ya hewa ya mapafu na damu ni mwembamba kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita. Kutoka mapafuni hadi kidole cha mguu ni mbali mno, lazima moyo usukume damu.

Sasa watoke maabara, kwa kuwa kusambaa kwa mambo mapya kati ya watu nako huitwa difyusheni. Mwaka 1943 wanasosholojia Bryce Ryan na Neal Gross walichapisha utafiti wao juu ya wakulima wa Iowa, Marekani, na mbegu chotara za mahindi. Wengi walizisikia kwanza kwa wauzaji, lakini waliowashawishi hasa ni majirani. Molekuli haingoji kuona shamba la mwenzake limezaa nini.

Kwa kazi ya nyumbani mimi hutumia mfano wa M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu, iliyoanza Kenya 2007 na Tanzania 2008. Kila mwanafunzi awaulize wazee wake maswali mawili, yasichanganywe: nani alikuambia kwanza, na nani alikufanya uamini pesa itafika? Chora mishale ubaoni kwa majibu yao. Kisha uliza nani alichelewa na kwa nini: hakuwa na simu, hakuwa na kitambulisho, au wakala alikuwa mbali?