Jinsi ya Kuwafuatilia Chipukizi wa Besiboli Katika Kambi za Machipuko

Katikati ya Februari kila mwaka, timu zote 30 za ligi kuu ya besiboli ya Marekani, MLB, hufungua kambi: 15 Florida na 15 Arizona. Warushaji wa mpira na wadakaji, yaani wanaoupokea nyuma ya mpigaji, huripoti kwanza, wengine hufuata siku chache baadaye, na mechi za kujipima nguvu huendelea hadi mwishoni mwa Machi. Matokeo yake hayaingii kwenye msimamo wowote. Hapo ndipo wengi wanapopotea: wanachukua takwimu za mechi ambazo hakuna aliyepania kuzishinda, kisha wanazitumia kumtabiria kijana wa miaka 21. Jackie Bradley Jr. aligonga kwa wastani wa .419 (kama mara 42 alizofaulu kati ya 100) kambini mwaka 2013, akaanza msimu na Boston Red Sox, akamaliza mwaka huo na .189. Baadaye alikuja kuwa mchezaji mzuri sana. Kilichokosea 2013 ni kipimo.

Hatua ya 1: Chagua wachache, na weka saa yako sawa

Kambi moja huwa na wachezaji 60 hivi, na wanaobaki siku ya ufunguzi ni 26 tu. Usijaribu kuwafuata wote. Chagua timu mbili au tatu, na kwa kila timu chipukizi wanne. Andika jina, namba ya jezi, mkono anaopigia au kurushia, daraja alilomalizia mwaka uliopita (Double-A au Triple-A, ngazi mbili za juu za ligi ndogo zilizo chini ya MLB), na kama yumo kwenye orodha ya wachezaji 40 wa timu au ni mwalikwa tu.

Namba ya jezi usiiache. Vijana hupewa namba za 70 hadi 90 na kitu, wengine jezi isiyo na jina mgongoni, na mtangazaji huwachanganya mara kwa mara. Bila namba utajikuta unamsifu mtu mwingine.

Mechi nyingi huanza kama saa 7:05 mchana kwa saa za huko. Kwa anayetazama akiwa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, mechi ya Florida ni saa 3:05 usiku kabla ya Jumapili ya pili ya Machi, na saa 2:05 usiku baada ya hapo, kwa kuwa Florida husogeza saa mbele. Arizona haisogezi: ni saa 5:05 usiku mwezi wote.

Hatua ya 2: Ingia baada ya wakubwa kutoka

Wachezaji wenye uhakika wa namba hucheza iningi (vipindi vya mechi, kwa kawaida tisa) tatu hadi tano, kisha wanaoga na kuondoka. Chipukizi wengi huingia kuanzia iningi ya tano au ya sita. Ukiwa na saa moja tu ya kutazama, itumie huko mwishoni.

Zipo nafasi mbili bora kuliko hizo. Ya kwanza ni siku ambayo timu imegawanya kikosi na kucheza mechi mbili kwa wakati mmoja. Hapo vijana huanza tangu iningi ya kwanza. Ya pili ni Spring Breakout, iliyoanzishwa 2024, ambapo chipukizi wa timu moja hukutana na chipukizi wa nyingine katikati ya Machi. Kama una siku moja tu ya kuwatazama, iwe hiyo.

Hatua ya 3: Uliza alicheza dhidi ya nani

Hii ndiyo hatua ninayoipa uzito kuliko zote. Homurani, yaani pigo linalovusha mpira nje ya uzio, ya iningi ya nane dhidi ya mrushaji wa Double-A si sawa na homurani ya iningi ya kwanza dhidi ya mrushaji wa ligi kuu, lakini kwenye jedwali zinaonekana mapacha.

Tovuti ya Baseball-Reference ina safu ya ubora wa wapinzani katika takwimu za machipuko. Ikisoma karibu na 10, kijana amekuwa akikutana na watu wa ligi kuu. Ikisoma karibu na 7, anakutana na watu wa Double-A. Mwenye wastani wa .270 na ubora wa 9 ananivutia kuliko mwenye .400 na ubora wa 7.

Halafu kuna hewa. Arizona ni kukavu: mpira husafiri mbali na mipira ya kupinda haipindi sana. Wapigaji wa huko wapunguzie sifa kidogo, na warushaji wa huko waongezee uvumilivu.

Hatua ya 4: Kwa mpigaji, hesabu maamuzi

Mpigaji kijana hupata mizunguko, yaani zamu za kupiga, 40 hadi 60 kambini. Ni michache mno kwa wastani wa kugonga kuwa na maana. Kinachotulia mapema zaidi ni kiwango cha kutolewa kwa straiki (mpigaji hutoka akifikisha straiki tatu, yaani mipira mizuri aliyoikosa au kuiacha), na hata hicho kinahitaji mizunguko kama 60. Kwa hiyo gawa idadi ya alizotolewa kwa straiki kwa mizunguko yake yote. Ikizidi asilimia 30, na wapinzani walikuwa wa daraja la chini, weka alama ya tahadhari.

Kisha tazama kwa macho. Je, anazungushia gongo mipira iliyo nje ya eneo la straiki, hasa slaida, mpira unaoteleza kando, inayoteremka na kutoka nje? Anapofikia straiki mbili, anafupisha mzungo wa gongo au anaendelea kutafuta homurani? Mpira wa kasi wa juu kifuani anaukuta au anachelewa? Anayechelewa kila mara atapewa mpira huohuo Aprili nzima mpaka ajirekebishe.

Kwenye viwanja vyenye vifaa vya Statcast, mfumo wa MLB wa kupima mpira na wachezaji kwa kamera, utapata kasi ya mpira ukitoka kwenye gongo. Kuanzia maili 95 kwa saa (km 153) huhesabiwa pigo kali. Nguvu hiyo haitokei kwa bahati: aliyefikisha maili 112 hata mara moja, uwezo anao. Mara ngapi ataufikia ni swali la maamuzi, ndiyo maana tumeanza na maamuzi.

Hatua ya 5: Kwa mrushaji, tazama kasi na kusudi

Mwanzoni mrushaji hurusha iningi moja au mbili, kisha huongezewa taratibu, kama mipira 15 kila anapopewa zamu ya kurusha. Kasi ya Februari kuwa chini maili moja au mbili kuliko ya Julai ni jambo la kawaida. Kinachopaswa kukushtua ni kasi kushuka ndani ya mechi ileile, tuseme maili 96 iningi ya kwanza na 92 iningi ya pili, au kupungua wiki hadi wiki badala ya kupanda. Mara nyingi huo ni uchovu, na wakati mwingine ni bega au kiwiko.

Usimhukumu kwa pointi alizofungwa. Wengi huingia uwanjani na kazi maalumu: leo chenjiapu tu (mpira wa polepole unaofanana na wa kasi), hata kama mpigaji ameshaijua. Utaona aina moja ya mpira ikirudiwa mara nane mfululizo na kugongwa, na mkufunzi ameridhika. Andika aina za mipira, kasi ya kila aina, na mingapi ilimfanya mpigaji akose. Tofauti ya maili 8 hadi 10 kati ya mpira wa kasi na chenjiapu ni nzuri. Ikiwa maili 4, mpigaji anapata mpira wa kasi uliopoa tu.

Hatua ya 6: Shika saa ya sekunde

Saa ya simu inatosha. Kwa mbio, bonyeza gongo linapogusa mpira na usimamishe mguu unapokanyaga besi ya kwanza, kituo anachokimbilia mpigaji, umbali wa futi 90 (mita 27.4). Kwa anayepigia kulia, sekunde 4.3 ni wastani wa ligi kuu na 4.0 ni kasi ya ajabu; anayepigia kushoto yuko karibu na besi, mpunguzie 0.1. Kosa la kawaida ni kuanza kuhesabu gongo linapoanza kuzunguka. Lingine ni kupima mchezaji aliyeanza kukimbia kabla hajamaliza mzungo: namba hiyo itupe.

Kwa mdakaji, hesabu kuanzia mpira unapoingia kwenye glavu yake hadi unapotua kwenye glavu ya mlinzi wa besi ya pili. Sekunde 2.0 ni wastani, 1.9 ni bora sana. Kwenye televisheni kamera hubadilika katikati; ikibadilika, achana nayo.

Siku hizi mdakaji ana mtihani mwingine. Mfumo wa kupinga maamuzi ya mwamuzi kuhusu straiki kwa kamera ulijaribiwa kwenye kambi za 2025 na ukakubaliwa kwa msimu wa 2026. Anayeruhusiwa kupinga ni mpigaji, mrushaji au mdakaji, kwa kugusa kofia papo hapo. Mdakaji anayepoteza mapema nafasi za timu za kupinga bado hajalijua vizuri eneo la straiki.

Hatua ya 7: Tazama timu inamweka wapi

Kocha husema mengi kwa jinsi anavyopanga kikosi. Mwaka 2024 San Diego Padres walimchukua Jackson Merrill, aliyekuwa shotistopu (mlinzi kati ya besi ya pili na ya tatu), wakamfundisha kulinda uwanja wa nje, katikati. Aliyeona anapangwa hapo mechi baada ya mechi alijua wanamtafutia namba. Alianza msimu Seoul, Korea Kusini, akiwa na miaka 20, akamaliza wa pili katika kura za mchezaji mpya bora. Majeraha nayo hufungua milango: 2001 Albert Pujols alikuja kambini bila uhakika wa namba, Bobby Bonilla akaumia, na Pujols akaingia kikosini St. Louis, akapiga homurani 37 mwaka huo.

Hatua ya 8: Soma mkataba kabla ya kulaumu

Mwaka 2015 Kris Bryant aliongoza kambi zote kwa homurani 9, na bado Chicago Cubs walimpeleka Triple-A. Alipandishwa Aprili 17, akamaliza msimu na siku 171 za utumishi katika ligi kuu. Mwaka kamili ni siku 172, na mchezaji huwa huru baada ya miaka sita kamili. Siku moja iliipa timu mwaka mzima zaidi wa kumiliki mkataba wake.

Tangu makubaliano ya 2022 mambo yamebadilika kiasi. Timu inayomwanzisha mapema chipukizi wa daraja la juu, naye akashinda tuzo ya mchezaji mpya bora, huzawadiwa nafasi ya ziada katika uteuzi wa wachezaji wapya. Seattle Mariners waliipata kupitia Julio Rodríguez. Kwa hiyo andika pembeni ya kila jina: yumo kwenye 40? Je, timu bado inaweza kumteremsha bila kumpoteza? Ana utumishi wa siku ngapi?

Viwanja vya nyuma

Walio chini kabisa hawaonekani kwenye televisheni. Wanacheza asubuhi kwenye viwanja vya pembeni vya kambi, na taarifa zao hupatikana kwa video fupi za watazamaji. Huko ndiko walikopitia Waganda: Ben Serunkuma na Umar Male waliosaini na Los Angeles Dodgers 2022, wenye kambi yao Glendale, Arizona, na David Matoma wa Pittsburgh Pirates, ambao kambi yao iko Bradenton, Florida. Kwa mrushaji wa ngazi hiyo fuata mambo mawili: kasi inapanda mwaka hadi mwaka, na straiki ni zaidi ya asilimia 60 ya mipira yake.

Daftari usilifunge kambi zikivunjwa. Triple-A huanza mwishoni mwa Machi na takwimu zake za Statcast ziko wazi kwa umma. Baada ya wiki tatu, weka kasi na kiwango cha straiki cha Aprili kando ya ulichoandika Machi, na ufute majina ambayo namba zake hazikushikilia.