Kabla ya kuanza matibabu ya ugumba, pimweni wote wawili
Wanandoa waliokaa miezi 12 wakitafuta mtoto bila mafanikio, au miezi 6 ikiwa mke amepita miaka 35, waende hospitali pamoja, kwa maana umri wa mke huathiri sana matokeo ya matibabu, na mwaka unaopotea kwa kumlaumu yeye peke yake haurudi. Mume apimwe mapema: ajizuie kujamiiana kwa siku 2 hadi 7, kisha, akitolea manii nyumbani, akifikishe kikopo maabara ndani ya saa moja, akikibeba karibu na mwili kisipoe. Sigara aiache sasa, kwani mbegu huchukua takriban miezi 3 kukomaa, hivyo faida ya kuacha haionekani mara moja. Mke apimwe mirija ya uzazi; iliyojaa maji hupunguza mafanikio hata ya upandikizaji mimba (IVF, yai kurutubishwa maabara kisha kuwekwa kwenye mji wa mimba), hivyo ishughulikiwe kwanza.