Somo: Vitabu vya kuwa navyo kabla hujanunua kauri ya Kichina

Wakuu, kila wiki mtu anatuma picha ya kitako cha bakuli na kuuliza, "Muhuri huu ni wa mwaka gani?" Mnaanzia mwisho. Kitabu cha mihuri ndicho kinachonunuliwa haraka kuliko vyote, na ndicho kinachopoteza watu zaidi.

Hatua ya 1. Pata historia kwanza, bure. *A Handbook of Chinese Ceramics* cha Suzanne Valenstein, toleo la 1989, kinapakuliwa kwenye tovuti ya Metropolitan Museum ya New York. Kisome chote, usiruke ukakimbilia picha.

Hatua ya 2. Tafuta katalogi ya makumbusho. Kwa enzi ya Ming, nasaba ya wafalme wa China kabla ya Qing, ya Jessica Harrison-Hall kuhusu kauri za British Museum (2001) ni nzito na bei yake inauma, kwa hiyo ulizia maktaba. Linganisha vipimo, rangi na michoro. Mikononi mwa muuzaji usiwe na haraka.

Hatua ya 3. Sasa ndiyo mihuri: Gerald Davison, kitabu kilichotoka 1994 na baadaye kikapanuliwa. Muhuri wa herufi sita katika safu mbili husomwa kuanzia juu kulia kushuka chini, kisha safu ya kushoto. Mbili za kwanza ni nasaba, mbili zinazofuata ni jina la utawala, mbili za mwisho zinasema kimetengenezwa zama hizo.

Hapa ndipo pana mtego. Mafundi wa wakati wa Kangxi (1662–1722), mfalme wa nasaba ya Qing, waliandika sana jina la Chenghua, mfalme wa Ming aliyetawala 1465 hadi 1487. Tena mwaka 1677 ofisa wa Jingdezhen, mji wa tanuri za kauri, alipiga marufuku kuandika jina la mfalme kwenye vyombo, ndiyo maana unakuta duara mbili tupu, au jani, kwenye chombo halali kabisa cha Kangxi. Davison atakuambia kilichoandikwa. Kimeandikwa lini, hilo utalijibu kwa hatua ya 1 na ya 2.

Hatua ya 4. Katalogi kuukuu za minada, kwa ajili ya bei tu.

MASWALI

Swali: Mkuu, sahani yangu imeandikwa CHINA kwa herufi za Kizungu. Nimepigwa?

Jibu: Si lazima. Sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ilidai bidhaa ziandikwe nchi zilikotoka, ikaanza kubana Machi 1891. Basi yako huenda ni ya baada ya hapo. Ila kukosa neno hilo hakuifanyi sahani kuwa ya zamani zaidi. Si zote zilikwenda Marekani.

Swali: Kichina sijui hata herufi moja.

Jibu: Watawala wa Qing, kuanzia Shunzhi hadi Xuantong, ni kumi tu. Kariri majina hayo kumi kwa sura. Maandishi ya mraba kama muhuri wa ofisi yatakusumbua kidogo, zoea polepole.

Swali: Niko Kilifi, naokota vipande vya bluu na vya kijani ufukweni. Nitumie kitabu gani?

Jibu: Ripoti ya mwanaakiolojia Neville Chittick kuhusu Kilwa, juzuu mbili, 1974. Halafu nenda Fort Jesus ukaone vipande vyenyewe. Lakini acha kuokota, ndugu yangu: Kenya vitu hivyo vinalindwa na sheria ya 2006. Piga picha palepale vilipo, uwaarifu watu wa Makumbusho ya Taifa.