Imparfait du subjonctif: kuitengeneza ni rahisi, kazi ni kujua pa kuiweka

Watu wanaiogopa imparfait du subjonctif (subjonctif ni umbo la kitenzi kama "aje" kwenye nataka aje, na imparfait ni ile yake ya wakati uliopita) kwa sababu ya sura yake tu, mtu anafungua riwaya ya karne ya 19 anakutana na que nous parlassions, anafunga kitabu. Lakini ukikaa nayo vizuri utaona kwenye vitenzi vya Kifaransa hakuna kitu kilichonyooka kama hii. Haina vitenzi korofi vya kukariri kimoja kimoja kama subjonctif ya kawaida, yale ma-sache, puisse, aille, fasse ambayo kila mtu aliyakariri kwa jasho. Hapa unatakiwa uwe unaijua passé simple basi (wakati uliopita wa vitabuni), na hata hiyo passé simple yenyewe unahitaji nafsi moja tu, ile ya "tu", yaani wewe.

Unafanya hivi. Chukua kitenzi kiweke kwenye passé simple nafsi ya tu: parler inakuwa tu parlas, finir tu finis, vouloir tu voulus, venir tu vins. Usikate kitu, ile s iache hapo hapo, halafu bandika mwishoni -se, -ses, -sions, -siez, -sent. Kwa hiyo parlas + se = parlasse, vins + se = vinsse, hivo hivo mpaka mwisho. Nafsi ya tatu umoja ndo peke yake ina utaratibu wake, unaitoa s, irabu ya mwisho unaivalisha kikofia (accent circonflexe), unaweka t. Ukipanga zote zinakuja hivi:

que je parlasse, que tu parlasses, qu'il parlât, que nous parlassions, que vous parlassiez, qu'ils parlassent

que je vinsse, que tu vinsses, qu'il vînt, que nous vinssions, que vous vinssiez, qu'ils vinssent

Être na avoir nazo zinafuata njia hiyo hiyo bila kona: tu fus inakupa fusse, fusses, fût, fussions, fussiez, fussent, na tu eus inakupa eusse, eusses, eût na kuendelea (hiyo eu hapa inatamkwa kama u ya Kifaransa, usiivute ikawa kama ya peur). Faire ni tu fis kwa hiyo fisse, fît. Savoir susse, sût. Pouvoir pusse, pût. Prendre prisse, prît. Écrire écrivisse, écrivît. Naître, ambayo passé simple yake inatisha, ni tu naquis kwa hiyo naquisse, naquît. Manger inabaki na e yake, mangeasse, mangeât, kwa sababu tu mangeas inayo tayari. Kinachokwenda kivyake ninachokijua mimi ni haïr tu, yenyewe inabaki na nukta zake mbili badala ya kikofia: qu'il haït.

Ogopa zaidi vitenzi vya kundi la finir. Hivi vina ujanja wake, maana subjonctif ya kawaida na hii ya zamani zinafanana kila nafsi, que je finisse ni zote mbili, que nous finissions ni zote mbili, tofauti inatokea kwa il peke yake: qu'il finisse ni ya sasa, qu'il finît ni ya zamani. Kwa hiyo ukikutana na finissent kwenye kitabu usihangaike kuuliza ni ipi, kitenzi kilichotangulia ndo kitakwambia.

Sasa matumizi, hapa ndo penye maneno.

Kiswahili kwetu mambo ni marahisi. Nataka aje, nilitaka aje, ningependa aje, hiyo "aje" haina habari na wakati wa kitenzi cha mbele yake. Kifaransa cha kufuata sheria hakikubali hivyo, kinataka kitenzi cha mbele kikienda wakati uliopita au conditionnel (ile ya -nge-) basi na subjonctif nayo irudi nyuma. Je veux qu'il vienne, lakini je voulais qu'il vînt, na je voudrais qu'il vînt. Hiyo ndo wanaita concordance des temps. Kama jambo lilikuwa limeshatokea kabla, unatumia avoir au être ya namna hii na participe (kama compris, parti): je doutais qu'il eût compris, nilikuwa na mashaka kama alikuwa ameelewa.

Lakini Kifaransa kinachozungumzwa leo kimeishia kufanya kama sisi. Mfaransa anasema je voulais qu'il vienne na hakuna atakayemkosoa. Na si mambo ya mtaani tu, serikali yenyewe ililegeza kamba muda mrefu: arrêté (agizo la wizara) ya tarehe 26 Februari 1901 iliruhusu kwenye mitihani watu waandike il faudrait qu'il vienne badala ya qu'il vînt, na ile ya Desemba 1976 ikafungua mlango zaidi hadi kwa vitenzi vya mbele vilivyo kwenye wakati uliopita. Kwa hiyo mwalimu akikukata alama kwa je voulais qu'il vienne, una pa kusimamia.

Basi ya nini kujifunza? Ya kusoma kwanza. Riwaya, historia, hukumu za mahakama za zamani, hotuba, vyote vimejaa hiyo kitu, na wale mliosoma kwa Kifaransa Bukavu, Lubumbashi au Bujumbura mnajua kuwa vitabu vya shule havikuoneeni huruma. Ya kuandika ni pili, na hapo ushauri wangu ni huu, andika nafsi ya tatu tu. Il fallait qu'il partît, bien qu'elle fût malade, zinapita vizuri kwenye insha ya kiwango cha juu au kwenye hadithi uliyoianza kwa passé simple. Ila il fallait que nous partissions, au mbaya zaidi que vous parlassiez, msomaji wa leo atacheka au ataona unajidai. Ni suala la sikio: partît inasikika sawasawa na partit ya kawaida, haishtui mtu, wakati -asse kwa Kifaransa ni mkia wa maneno ya dharau, paperasse ni rundo la makaratasi ya kuudhi, fadasse ni kitu kisicho na ladha. Na que je susse, ya savoir, ikitamkwa inafanana na suce, "nyonya", sasa fikiria unaisema mbele ya darasa la vijana.

Kingine usichanganye nguo. Kama stori yako unaisimulia kwa passé composé, ule wakati uliopita wa mazungumzo, on a fait, on est allé, halafu katikati unatupia qu'il vînt, inakaa vibaya, ni bora ubaki na vienne mwanzo mpaka mwisho.

Halafu kikofia. Hapa ndo watu wengi wanaumbuka, na wenye lugha wamo. Il fut ni passé simple, qu'il fût ni subjonctif, il eut na qu'il eût vile vile, il vint na qu'il vînt. Ukipata mashaka igeuze sentensi iwe wingi: kama inakubali furent, hakuna kikofia, kama inataka fussent, weka. Jaribu kwenye hizi mbili. Avant qu'il fût parti, wingi avant qu'ils fussent partis, kikofia kipo. Après qu'il fut parti, wingi après qu'ils furent partis, kikofia hakuna, kwa sababu après que haichukui subjonctif kabisa, inasimulia jambo lililokwisha kutokea. Ile après qu'il fût unayoiona magazetini ni kosa, hata kama gazeti ni la Paris. Na wale mliosikia kwamba marekebisho ya 1990 yaliondoa kikofia juu ya i na u, ni kweli kwa maneno kama maitre na cout, ila kwenye miisho hii ya vitenzi kilibakizwa, kwa hiyo fût bado ni fût.

Kuna sehemu nyingine inawapoteza wasomaji, eût na fût zikitokea bila que yoyote. Hapo si "kwamba" tena, ni "-ngali". Il eût fallu le prévenir ni sawa na il aurait fallu le prévenir, ingalipasa apewe taarifa. S'il eût su, il fût venu, angalijua angalikuja. Ukiona eût au fût na participe halafu sentensi haina cha kuileta subjonctif, badilisha kichwani iwe aurait au serait (baada ya si weka avait au était) na maana itakuja yenyewe.

Zimebaki na zile zilizoganda ambazo hata asiyejua sarufi anazitumia: ne fût-ce qu'une heure, angalau saa moja tu, dût-il en mourir, hata kama itambidi afe, plût à Dieu, laiti Mungu angependa. Hizi zikariri kama zilivyo, usizichambue.

Tumalizie na sentensi moja tuifungue: Le chef ordonna que l'on fermât les portes avant que la nuit tombât, bien que deux hommes fussent encore dehors, il eût mieux valu attendre. Ordonna ni passé simple na kuamuru kunataka subjonctif, kwa hiyo fermât. Avant que inaleta tombât. Bien que inaleta fussent, wingi kwa sababu watu ni wawili, na kwa kuwa ni wingi hakuna kikofia. Eût haina que mbele yake, geuza iwe aurait: il aurait mieux valu attendre, ingalikuwa heri wangalisubiri.