Simu ya Mteja Iko Polisi, Mdai Anataka Meseji: Fanya Hivi

Mteja ameingia ofisini kwako hapa Moshi. Anadaiwa fedha za kahawa, makubaliano yote yalifanyika WhatsApp, na mdai anataka meseji hizo zitolewe mahakamani. Simu ilikamatwa kwenye jalada la jinai. Anakwambia, "Wakili, sina cha kuonyesha, simu iko polisi." Jibu hilo lisiingie jinsi lilivyo kwenye kiapo chake kuhusu nyaraka alizonazo.

Hatua ya kwanza: mwombe hati ya kukamata mali. Hakupewa? Iandikie ofisi ya upelelezi leo leo, taja namba ya jalada.

Hatua ya pili ndiyo yenye kazi. Chini ya Amri ya XI ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, mteja akiamriwa na mahakama huapa kuhusu nyaraka zilizo mikononi mwake au anazoweza kuzipata. Alizokuwa nazo zikamtoka huzitaja pia: zilitoka lini, nani anazo sasa. Simu iliyo polisi inakaa hapo. Lakini nakala zilizohifadhiwa Google Drive, barua pepe alizojitumia, simu ya karani wake? Hizo anaweza kuzipata, azitoe. Niliwahi kumwamini mteja aliyesema hana nakala yoyote. Upande wa pili wakaleta barua pepe alizotuma yeye mwenyewe, na kiapo nilichokiandaa kikasomwa mbele ya hakimu. Siku hizi nauliza mara tatu, kifaa kimoja baada ya kingine.

Meseji kati yake na wakili usizifiche. Ziorodheshe, kisha weka pingamizi la siri ya wakili na mteja.

Hatua ya tatu: asifute chochote. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 hupima uzito wa ushahidi kwa jinsi ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na kama haukuguswa. Picha za skrini zilizochaguliwa zinanitia wasiwasi kila mara. Toa mazungumzo yote, na aliyeyatoa aape alitumia kifaa gani, siku gani.

Hatua ya nne: omba mahakama imwite askari anayetunza simu ailete. Kama imeshapokelewa kama kielelezo kwenye kesi ya jinai, omba huko nakala zilizothibitishwa.

Usichelewe: mdaiwa akikaidi amri ya kutoa nyaraka, utetezi wake unaweza kuondolewa; mdai akikaidi, shauri lake linaweza kufutwa.

Simu ikirudishwa, mjulishe wakili wa upande wa pili kwa barua kwanza, ndipo iwashwe.